Ukali kwa Waume

Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za mshahara tu. Mahakamani, kuanzia mfagiaji hadi hakimu mfawidhi, wote walimwita Bi Nukta, naye aliitika bila kinyongo kwa sababu jina lile alikuwa amelifanyia kazi.

Alikuwa mchapaji wa hukumu. Mahakimu waliandika kwa mkono, kila mmoja na mwandiko wake wa kutia kizunguzungu, kisha jalada likaletwa kwenye chumba chake kidogo nyuma ya masjala. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama tangi la maji, feni yenye kulalamika, na kabati la chuma ambalo mlango wake ulifungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Hapo alikaa mgongo wima kama mtu anayepigwa picha, miwani kwenye ncha ya pua, akizigeuza karatasi zile kuwa hukumu safi za kusainiwa na kugongwa muhuri.

Jina la Nukta alilipatia kwa hakimu wake wa kwanza, mzee mnene mwenye sauti ya upole ambaye akianza sentensi hashuki tena hadi mwisho wa ukurasa. Mshtakiwa aliingia shambani na akavunja mahindi na mlalamikaji akamwona na wakashikana na jirani akaja na panga ambalo kumbe halikuwa lake na mwenye panga naye akaja, hadi msomaji anakosa pumzi. Bi Nukta, wakati huo bado binti mgeni kazini, alivumilia kwa muda, halafu siku moja mkono ukamponyoka akaweka nukta. Akaona haijaua mtu, akaweka nyingine. Hakimu alipoisoma hukumu ile kabla ya kusaini alitabasamu peke yake, akasema, "Leo nimeandika vizuri."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomponza.

Baada ya nukta ikaja mikato. Baada ya mikato akaanza kubadilisha neno hapa, neno pale. Hakimu akiandika kwamba kitendo fulani si kizuri, karatasi ilitoka ikisema kitendo hicho kinamvua mtu heshima mbele ya watoto wake. Mahakimu walikuja na kuhamishwa, na kila aliyekuja aligundua, akishakaa kidogo katika kituo kile, kwamba kalamu yake imekolea. Mmoja aliamini ni utulivu wa mji. Mwingine alisema ni kwa sababu ameacha sigara. Hakuna aliyemfikiria mwanamke wa nyuma ya masjala.

Mpaka mmoja aliuheshimu, nao ni uamuzi wenyewe. Aliyeshinda alishinda, aliyefungwa alifungwa, na fidia ilibaki kama ilivyoandikwa. Yeye alishughulika na maneno ya katikati, pale ambapo hakimu anaeleza mtu huyu aliyesimama mbele yake amemwonaje.

Na hapo ndipo mume wake alipoingia.

Mume wa Bi Nukta alikuwa fundi wa makochi, na fundi hasa. Nusu ya mji ilikaa vizuri kwa ajili yake. Nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa na kochi lenye springi iliyotokeza, na wageni walionyeshwa pa kukaa kwa uangalifu kama watu wanaovushwa mtaro. "Kesho nitalishughulikia," alisema, na kila aliposema alimaanisha. Bomba lilikuwa kesho, na bati la jikoni lilikuwa kesho. Hakuwa mlevi wala mkali. Alikuwa mtu mwema asiye na haraka, na mtu wa namna hiyo hagombezeki, kwa sababu ukimgombeza anakubali. "Kweli mama watoto, nimekosea," anasema, anakunywa chai yake, na bati linaendelea kuvuja.

Bi Nukta hakuwa mtu wa kelele. Alimeza. Asubuhi alivaa vizuri akaenda kazini, na kama mezani ilimkuta kesi ya ndoa, mume wa kesi ile alikuwa na siku mbaya. Hakimu aliandika: mdaiwa hakutengeneza nyumba kama alivyoahidi. Karatasi ilitoka hivi: "Mdaiwa ni mume wa maneno matamu na mikono mizito. Mume anayesema kesho kila siku amekwisha kujibu, na jibu lake ni hapana." Hakimu alisoma, akakuna kidevu, akasaini.

Mambo yakaenda hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka alipokuja mtafiti.

Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke kijana, mrefu, mwenye kompyuta mgongoni na mfuko wa karanga ambazo alitafuna akifikiri, na kwa kuwa alifikiri sana kibodi yake ilijaa maganda. Alikuwa ametengeneza programu ya kusoma hukumu. Hakimu mfawidhi alimpa kibali na kumwelekeza kwa Bi Nukta, kwa sababu tangu kompyuta ziletwe hukumu zote za mahakama ile zilikuwa kwenye mashine yake.

"Inasoma zote kwa pamoja, Mama," mtafiti alimweleza. "Binadamu akisoma hukumu nyingi, akifika katikati ameshasahau za mwanzo. Hii haisahau. Inaangalia maneno gani yanatembea pamoja, nani anapenda neno gani, nani ana hasira na nani. Tunataka kujua kama mahakimu wanawatendea watu sawa."

"Inasoma na mikato?"

"Hasa mikato. Mtu anaweza kuchunga maneno yake, lakini mikato inamtoka mwenyewe hajui."

"Basi hapa itafurahi," alisema Bi Nukta. "Hapa mikato iko mahali pake."

Akamnakilia majalada yote kwa mkono wake, akiwa na fahari kama anayeonyesha bustani. Haikumjia akilini kwamba ana cha kuogopa. Alidhani mashine itahesabu tu, na kuhesabiwa hakujawahi kumuumiza mtu.

Muda si mrefu mtafiti akarudi amekunja uso. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akafungua karanga bila kuzila.

"Mama, nafikiri programu yangu imeharibika. Inasema mahakimu wote wa hapa ni mtu mmoja."

Vidole vya Bi Nukta vilisimama juu ya kibodi. "Mashine nazo zina siku zake," alisema.

"Nimeijaribu na mahakama nyingine. Kule inawatenganisha vizuri kabisa. Ni hapa tu."

"Labda ni maji ya hapa."

Mtafiti alicheka kwa adabu akaenda zake. Bi Nukta alibaki akitazama tangi la maji. Alifikiri kwenda kwa hakimu mfawidhi kusema kabla hajasemewa. Alifika mpaka kwenye kizingiti cha ofisi yake, akamkuta anamsomea wakili mmoja hukumu yake mwenyewe kwa sauti, akiifurahia, akageuza njia. Nyumbani alikaa na chakula bila kukigusa.

"Unaumwa?" mumewe aliuliza.

"Siumwi."

"Kesho nitakupeleka hospitali."

Alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba fundi alihamisha sahani yake akaenda kumalizia chakula barazani.

Siku ya kuonyesha matokeo, hakimu mfawidhi aliwakusanya wafanyakazi na mawakili kwenye ukumbi wa mahakama. Alikuwa mtu wa suti iliyonyooka na mambo yaliyonyooka, na asubuhi ile kitu kimoja tu kilimkera: kiti chake. Kilikuwa kimelegea upande mmoja, na si rahisi kumhukumu mtu ukiwa umeinama. Fundi aliitwa zamani kuja kukitengeneza, akaahidi, akaahidi tena, na kati ya asubuhi zote alizopewa na Mungu akaichagua ile. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza kubwa, misumari midogo imejaa midomoni, nyundo mkononi.

"Endelea, lakini polepole," hakimu alimwambia, akakaa kwenye benchi la mawakili.

Mtafiti aliwasha mashine, picha ikatokea ukutani. Kwanza alionyesha mahakama nyingine: vikundi vya nukta za rangi, kila hakimu na kikundi chake, wametengana kama wageni wasiojuana. Kisha akaonyesha mahakama yao. Rangi zote zilikuwa fungu moja.

"Hiyo ni nidhamu," alieleza hakimu mfawidhi. "Sisi tunafuata mwongozo mmoja."

Mawakili waliitikia kwa vichwa, kwa kuwa wote walikuwa na kesi mbele yake. Bi Nukta, aliyekaa karibu na mlango, aliitikia pia.

"Inawezekana, mheshimiwa. Ila kuna hiki." Mtafiti akabadilisha picha. Mstari mwekundu ulipanda na kushuka ukutani kama milima, na juu yake pameandikwa: Ukali kwa Waume. "Programu imechukua kesi zote zenye mume ndani yake, ikapima maneno makali aliyoambiwa. Mahakimu wanahama, mstari haujali. Nimeulinganisha na bei ya unga, ukame, mabadiliko ya sheria, hata uchaguzi. Haufuati chochote. Kwa mfano mwaka huu hapa." Akaelekeza kilele kimoja kirefu. "Mwaka huo hakuna mume aliyetoka mahakama hii na heshima yake, hata walioshinda kesi. Kuna anayekumbuka kilichotokea?"

Kisha sauti ikatoka nyuma ya meza ya hakimu, sauti ya mtu mwenye misumari mdomoni.

"Mwaka huo nilinunua pikipiki."

Watu waligeuka. Fundi aliinuka taratibu, akatema misumari kiganjani.

"Samahani, waheshimiwa, nilikuwa najisemea. Mwaka huo naukumbuka kwa ajili ya pikipiki. Niliinunua bila kumwambia mama watoto. Haikuwa na injini."

Mawakili walivunjika mbavu. Mtafiti hakucheka. Alikuwa mtu wa sayansi, na jibu ni jibu hata likitoka nyuma ya kiti. Akasogeza kidole kwenye kilele kingine.

"Na hapa, mzee?"

"Hapo mama yangu alikuja kututembelea."

"Alikaa muda gani?"

Fundi alikodoa macho ukutani, akaufuata mstari. "Hadi pale unaposhuka."

Kicheko kilipungua. Hakimu mfawidhi alikuwa ameacha kuegemea. Bi Nukta alitazama kitasa cha mlango akakiona kiko mbali kuliko kilivyokuwa asubuhi.

"Na hapa katikati," mtafiti alisema, sasa polepole, "mstari unakatika. Mahakimu wanakuwa watu mbalimbali, kama mahali pengine, kwa miezi michache. Halafu wanarudi kuwa mtu mmoja. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi."

"Hapo alizaliwa kitinda mimba wetu," alisema fundi, na uso ukamng'aa. "Mke wangu alikuwa likizo ya uzazi."

"Mke wako ni nani, mzee?"

Fundi, kwa fahari yote ya mume mwema, alinyoosha nyundo kuelekea mlangoni. "Yule pale. Ndiye anayechapa."

Bi Nukta alisimama, kwa kuwa alijua asiposimama atasimamishwa.

"Nilikuwa naweka nukta tu, mheshimiwa."

"Na 'mikono mizito'?" aliuliza hakimu mfawidhi.

"Hiyo ilikuja pamoja na nukta."

Hakuna wakili aliyethubutu kucheka tena, ingawa mmoja alilazimika kuinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Mambo hayakuishia kwenye mzaha. Hukumu si barua ya mapenzi kwamba anayeiandika aipambe anavyotaka, na hakimu mfawidhi alilisema hilo kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ya juu. Iliundwa kamati. Majalada ya mkono yalitolewa, yakalinganishwa na yaliyochapwa, na programu ya mtafiti ikapewa kazi mpya ya kuonyesha kila mahali yanapoachana. Bi Nukta aliondolewa kwenye kompyuta akawekwa masjala kupanga majalada. Huko alipata muda wa kufikiri, na alichofikiri hakikumpendeza. Alikuwa amejiambia siku zote kwamba hakugusa uamuzi wa mtu. Lakini alimkumbuka mwanamume mmoja, mwembamba, aliyesimama masjala zamani na nakala yake mkononi, akimuuliza karani kwa unyonge hakimu alijuaje kwamba nyumbani kwake hata saa ya ukutani imemchoka. Hakimu hakujua lolote. Maneno yalimhusu fundi wa makochi, akabebeshwa mtu mwingine, na mtu yule aliondoka nayo chini ya muhuri wa serikali.

Hilo lilimkaa kooni kuliko kamati yenyewe.

Kamati ilimaliza ikakuta hakuna uamuzi uliobadilika, hata mmoja. Hakimu mfawidhi alishusha pumzi, kisha akaonyeshwa ukurasa wa mwisho akaivuta tena. Hukumu yenye sentensi ya mume anayesema kesho kila siku ilikuwa imekatiwa rufaa, na jaji wa mahakama ya juu alikuwa ameipenda sentensi ile, akainukuu, na majaji wengine wakamnukuu yeye. Mawakili wa miji mingine waliitumia. Ilikuwa inafundishwa.

"Kwa hiyo springi ya kochi la nyumbani kwako," alimwambia Bi Nukta, aliyekuwa ameieleza kamati kila kitu, "sasa ni sheria ya nchi."

"Naona hivyo, mheshimiwa."

"Na siwezi kuifuta."

"Mimi ningeifupisha kidogo."

Alimtazama, akaamua kwamba hakusikia.

Barua ya onyo aliiandika yeye mwenyewe kwa mkono, kali na ndefu, na akakumbuka akiwa amekwisha maliza kwamba mahakama ina mchapaji mmoja. Ikabidi Bi Nukta ajichapie. Akaichapa kama ilivyo, hakugusa hata herufi. Hakimu mfawidhi aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichobaki, akaisoma tena.

"Hivi ndivyo nilivyoandika?"

"Neno kwa neno, mheshimiwa."

Ilikuwa sentensi moja. Ilianzia kwenye maadili ya utumishi, ikapita kwenye pikipiki, na mahali fulani njiani aliyeonywa akawa ni hakimu. Akaichana, akaandika nyingine fupi, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye faili la Bi Nukta. Kisha akarudishwa kwenye kompyuta, kwa utaratibu mpya: mchapaji akiona pameharibika aweke alama ya penseli pembeni, na hakimu aamue mwenyewe kubadilisha au kuacha. Mahakimu waliziona alama zile, wakanuna, halafu wakazikubali karibu zote. Walikuwa wameshazoea kuandika vizuri.

Aliyeumia zaidi alikuwa hakimu mstaafu, yule wa kuacha sigara. Tangu astaafu alikuwa akialikwa huku na huko kuzungumza juu ya uandishi wa hukumu, na kila mahali alisoma aya moja aliyoipenda, juu ya mama mzee aliyedhulumiwa kiwanja. Habari zilipomfikia alikuja mahakamani na karatasi yake imekunjwa mfukoni, akaomba kuonana na Bi Nukta.

"Nina swali moja tu," alisema. "Hii. Ni yangu au ni yako?"

Bi Nukta alivaa miwani akaisoma. Aliikumbuka siku aliyoichapa. Majina ya wenye kesi yalikuwa ya hakimu, na namba ya kiwanja.

"Hii ni yako, mheshimiwa," alisema. "Mimi niliweka mikato."

Mzee aliikunja karatasi, akairudisha mfukoni, na kabla hajatoka alimwambia kwa upole kwamba mikato ilikuwa mizuri pia. Mtafiti, aliyekuwa pembeni na mashine yake yenye kujua ukweli wote, aliitazama skrini kama anayesoma, akatia karanga mdomoni.

Huyo mtafiti ndiye aliyemchapia fundi kurasa. Fundi aliziomba mwenyewe: kila sentensi ya ukali aliyosababisha, kwa mfuatano wa miaka. Jumapili mchana alizitandaza kwenye meza ya chakula, akavaa miwani ya mkewe, akaanza kusoma kwa sauti.

"'Mdaiwa hana haraka na lolote isipokuwa sahani.' Hili si kweli. Nakata rufaa."

"Sababu za rufaa?" aliuliza Bi Nukta, akichambua mchele.

"Wiki hiyo nilikuwa mgonjwa."

"Ulikuwa na mafua."

"Mafua si ugonjwa?"

"Rufaa imetupwa. Endelea."

Akaendelea. Mengine aliyakubali, mawili matatu yalimchekesha mpaka akashika ubavu. Kisha akafika mahali akavua miwani.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Ulikubali."

"Sasa kukubali kuna ubaya gani?"

"Ukikubali mimi nabaki na maneno yangu, sina pa kuyapeleka. Ungekataa hata mara moja tungegombana, yakaisha."

Fundi alilifikiria hilo kwa umakini wa mtu anayepima kitambaa. Akavaa miwani tena, akatafuta kwenye ukurasa, akaweka kidole.

"Basi hili la mama yangu kuhesabu vijiko nalikataa. Hakuhesabu."

"Alihesabu."

"Alikuwa anaviosha."

"Mtu anaosha vijiko huku anasema idadi?"

"Mama yangu alikuwa mtu wa mpango. Wewe ndiye hukumpenda tangu harusini."

Bi Nukta aliweka ungo chini. Akasema alichokuwa amekimeza tangu harusini, chote, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua anayo, na fundi akajibu, naye akajibu tena, hata kuku wa uani wakahama. Jirani alikuja mbio mlangoni, upawa mkononi, kwa kuwa tangu ahamie pale hajawahi kusikia nyumba ile ikipaza sauti.

"Jamani, kuna nini?"

Bi Nukta alimgeukia, uso umemtoka jasho na macho yanamng'aa. Akamwambia hakuna neno, ndiyo kwanza wako ukurasa wa pili, na kama anataka kusikiliza avute kiti, ila asikalie kochi.